Samaki wa Kumbakiza Baba

Jumanne, 4 Machi

Kaka amepiga simu. Jumapili anakuja na gari kumchukua baba wakaishi wote. Ana chumba cha chini, hakuna ngazi, choo kiko mlangoni. Mimi niko ghorofa ya tatu na ngazi zetu zinanuka paka. Lakini tangu mama afariki, ni nani anayepita kwa baba kila jioni? Mimi! Kaka huja sikukuu, anatoa ushauri, anaondoka. Leo ndiyo ameamka kuwa mtoto mwema.

Nimemuuliza baba mwenyewe anataka nini. Amesema bado anafikiria. Anayefikiria hajaamua. Nikamwambia mke wangu nina mpango. Aliposikia neno mpango, akatoka chumbani.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wenyewe ni mgahawa wa gatini. Baba na mama walikula pale kila Ijumaa tangu sijazaliwa. Baba akikaa karibu na maji, akala samaki mkubwa aliyenona, akakumbuka ya zamani, atakubali vipi kwenda kwa kaka, ambako samaki hutoka kwenye kopo?

Nimekwenda kuhifadhi meza ya dirishani. Mgahawa haujabadilika hata msumari. Meza za mbao tupu, sahani za bati, chumvi kwenye kifuniko cha chupa. Mwenyewe ni mama mmoja wanayemwita Bi Subiri, kwa kuwa ndilo neno la kwanza analompa kila mteja. Akaniambia kwake meza haihifadhiwi. Watu hukaa kwenye benchi la mlangoni, na mwenye zamu huchukua meza iliyo wazi. Nikamwambia namleta mzee mashuhuri. Akasema wazee mashuhuri nao wana makalio, benchi litawatosha.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Kaka amewahi kufika, na mke wangu amemwalika kwenye chakula changu! Nilipomuuliza kwa nini, akasema baba ana watoto wawili. Ni kweli, lakini kuna wakati wa kusema ukweli.

Kaka amemletea baba sweta. Baba amelivaa na jua lote hili, anatabasamu huku jasho linamtoka. Nimeumia moyo. Mimi mara ya mwisho nilimpelekea nini? Betri za redio, na moja ilikuwa imekwisha.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nilipenya mgahawani nikatundika koti langu kwenye kiti cha dirishani. Mchana tulipofika, nikalikuta kwenye ndoano ya mizani, katikati ya pweza wawili. Tukakaa kwenye benchi kama watu wote. Zamu yetu ilipofika, meza iliyokuwa wazi ilikuwa ileile ya dirishani. Kazi yote bure, na koti linanuka.

Utaratibu wa pale ni huu. Hakuna kuagiza. Kila mteja hupewa kibati chenye umbo lake, kimefungwa waya. Unakwenda kwenye meza ya barafu, unachagua samaki wako, unamfunga kibati mkiani. Anachomwa nacho na kuletwa nacho, na hakuna anayegusa wa mwenzake. Mimi nilipewa nyota. Kaka, ufunguo. Baba aliomba jani.

Alikaa sana pale kwenye barafu, akinong'ona na Bi Subiri. Mwisho akafunga jani lake kwenye kisamaki chembamba, kama ndala ya mtoto! Kaka akachagua jitu la samaki, kichwa peke yake kinajaza sahani. Nikaona hatari. Baba atakula kidagaa huku kaka anatafuna lile jitu, kisha jioni atasema kwa mwanangu mdogo nilishindishwa njaa. Kwa hiyo wote wawili walipokwenda kunawa, nikabadilisha vibati. Jani kwa jitu, ufunguo kwa kisamaki. Nikajiona bingwa.

Chakula kikaja. Kaka akamaliza chake kwa matonge mawili, akanyanyua nyusi, akalamba vidole. Baba akatafuna. Akaendelea kutafuna. Lile jitu lilikuwa zee, nyama ngumu, miiba kama sindano za magunia, na baba meno ya mbele hana. Akaweka kipande pembeni ya sahani, akageukia dirisha. Ndipo kaka akaivuta sahani ya baba na kuanza kumchambulia nyama, kidogo kidogo, bila kuombwa.

Mimi ndiye niliyepaswa kuchambua. Nilikuwa nimeshughulika kumweleza baba jinsi samaki wake alivyo mkubwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimerudi kwa Bi Subiri kupeleleza baba alisema nini jana. Kabla sijafungua kinywa, akaniuliza kama mzee alimfurahia yule mdogo. Nikauliza kwa nini. Akasema ndiye samaki wa mama. Kila Ijumaa mama alikuwa anafunga jani kwenye samaki wembamba, kwa sababu nyama yao laini, na baba alikuwa akimcheka. Jana baba alimwambia hivi: “Nikimla huyu hapa, nitajua kama mji huu bado ni kwangu.”

Akauliza, je, amejua? Nikajibu kwamba alisema ni mtamu sana.

Nimekaa gatini mpaka miguu ikafa ganzi. Najuta. Naandika tena ili nisije nikajisahaulisha: najuta. Mzee wa watu alikuja kumuuliza marehemu mkewe swali, mimi nikamletea jibu la samaki wa mtu mwingine.

Nikaamua kwenda kumwambia kila kitu. Nilipofika, kaka alikuwa anakunja mashati ya baba na kuyapanga kwenye begi. Baba amekaa kitandani, mikono magotini, ananitazama. Alinitazama kama mtu anayemngoja mtoto amalize kufunga viatu. Nikafungua kinywa. Nikamuuliza kama anataka chai.

Hakutaka. Wakati wa kutoka nikaona fimbo imeegemezwa mlangoni. Wazo likanijia palepale! Bila fimbo baba haendi popote. Kesho wataitafuta, watachelewa, safari itaahirishwa, nami nitapata nafasi ya kukiri kwa utulivu. Nikaiingiza kwenye mguu wa suruali. Nimepanda ghorofa tatu mguu mmoja haukunji.

Jumapili, 9 Machi

Hawakuitafuta. Baba alitupa macho mlangoni mara moja tu, akasema huenda fimbo imemchoka. Akaweka mkono kwenye bega la kaka, wakaenda hivyo mpaka kwenye gari, polepole, baba ameegemea kwa uzito wake wote. Kama fimbo ingekuwepo, angetembea mwenyewe. Nilimtengenezea kaka nafasi ile kwa mikono yangu.

Mimi nilibeba begi. Baba akashusha kioo, akaniambia nikae vizuri na mke wangu. Akaendelea kunitazama kidogo. Nikamwambia afunge kioo, vumbi.

Fimbo iko chini ya kitanda changu. Mke wangu ameiona alipokuwa anafagia. Amefagia kuizunguka, na bora angenigombeza.

Jumanne, 11 Machi

Baba amepiga simu. Chumba kizuri, hakuna ngazi, kaka anakoroma mpaka ukuta unatetemeka. Kisha akasema:

“Nilikuona kwenye kioo cha mlango ukibadilisha vile vibati, mwanangu. Nilikula nikingoja useme. Jumamosi nikangoja. Hata kwenye gari nilikuwa nangoja.”

Nikasema simu inakatakata. Haikuwa inakatakata. Nilisikia mpaka anavyopumua. Akangoja tena, halafu akasema nimsalimie mkwewe.

Nimelia jikoni, mtu mzima, nimeshika kitambaa cha vyombo. Mke wangu akanikalisha, akaniambia dawa ni moja tu. Nipande basi, nimpe baba fimbo yake, nimweleze ukweli, nimwombe radhi. Hataki kingine. Asiporudi, basi angalau atajua ana mtoto.

Ana haki mke wangu. Kila neno alilosema ni sawa. Nimemshukuru kwa moyo wote.

Ila nimefikiri: radhi tupu haiwezi kumtoa mzee kwenye chumba kisicho na ngazi. Anahitajika daktari. Daktari akimwambia kaka kwamba mapafu ya baba yanataka upepo wa gatini, kaka atabisha? Nimeshaongea na muuza nyama wa mtaani. Ana sauti nzito, ana miwani, na koti jeupe analo. Tunaondoka Ijumaa. Koti nimeliloweka tangu asubuhi, damu inatoka taratibu.