Tangazo la Quincy Halina Tarehe

Kabiria,
Jumatano asubuhi.

Kwa Mwalimu Nyawira,
Darasa la Jumamosi la Usalama Mtandaoni.

Mwalimu mpendwa,

Pokea salamu za mzazi aliyekosa raha kwa sababu ya elimu yako. Mimi ni Mama Awiti, msimamizi wa kikundi cha WhatsApp cha akina mama wa kanisa letu, watu sabini na wawili, na habari zote hupitia kwangu. Binti yangu alikuja kwako akiwa mtoto mtulivu. Umemrudisha na maswali matatu: nani amesema, lini, na picha imetoka wapi. Nina malalamiko.

1. Mwezi jana niliwatangazia wenzangu kwamba Dagoretti Corner imefurika na haipitiki. Nusu yao hawakwenda kazini, wakanishukuru sana. Awiti akaitazama picha, akasema mbele ya wageni, "Mum, hizi gari zinapita upande wa kulia. Hii si Kenya." Watu wanazama, yeye anakagua magari.

2. Amekata mnyororo wa sala. Ujumbe ulisema wazi kwamba usipoutuma kwa watu kumi, balaa litaingia nyumbani. Hakuutuma. Wiki ya tatu hii hakuna balaa, hata mafua. Sasa nitamtishaje?

3. Hili ndilo linaloniuma. Miaka minne iliyopita mwanangu Quincy, akiwa na miaka minane, alipotea kwa saa mbili. Niliandika tangazo nikilia, nikaweka picha yake na nambari yangu. Tarehe sikuweka, nani huweka tarehe akilia? Alipatikana kwa fundi viatu akila mahindi, lakini tangazo bado linazunguka, na kila mwaka linaniletea watu wapya wa kuniombea. Ni kweli matapeli hunipigia wakidai wanaye, na siku moja niliwatumia nauli ya kumrudisha huku Quincy ameketi mbele yangu anakula ugali. Ni kweli pia kwamba mume wangu Norman alipokwenda naye River Road kununua misumari, wasamaria wema walimkamata kama mtekaji nyara, akashinda kituo cha polisi. Masikio makubwa ya Quincy, yale ya kwenye picha, hayafichiki. Lakini eti Awiti anataka niandikie kila kikundi kwamba nilikosea? Mimi, msimamizi?

Kwa hiyo nakuomba umfundishe Awiti kuwasha kompyuta na kuizima, basi.

Nisalimie walimu wote, mchungaji, na mama wa chai.

Mzazi mwenye uchungu,
Lornah Omollo

Tanbihi: Kabla sijaifunga barua hii nimepigiwa simu kutoka Dagoretti Corner. Wamemshika Norman tena, akiwa na Quincy. Nimewaambia mtoto hajapotea, huyo ni babake, na tangazo ni la zamani. Mama mmoja akaniuliza kwa upole, "La lini, mathe? Hapa halina tarehe." Kisha nikamsikia Quincy nyuma yake, sauti imechoka: "Mum, kwani utasema lini nilipatikana?" Nimelia, Mwalimu. Sasa naandikia kikundi kimoja baada ya kingine, Awiti akinikumbusha tarehe. Jumamosi naomba uniwekee kiti.