Udi Uliotoka Mapema

Jumapili, 3 Novemba

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Kila Jumatatu jioni, tangu nina miaka kumi, najificha stoo kati ya gunia la mchele na masinia, nawasikiliza wanaume kwenye diwaniya ya babu, baraza lake la kupokea wageni. Stoo ina kidirisha cha kupitishia birika za kahawa. Kikiachwa wazi kidogo, unasikia hata mtu akipuliza kahawa yake. Sasa nina miaka kumi na sita na madaftari sita yaliyojaa. Mama anadhani nasoma fizikia.

Tatizo la leo ni Shangazi Mudhi. Anagombea tena bodi ya duka la ushirika la mtaa wetu, kura ni Jumamosi. Mara ya tatu! Ametangaza wakati wa chakula kwamba hii ndiyo ya mwisho. Akianguka, atarudi kuwafundisha kemia watoto wa majirani na hatatusumbua tena. Alisema hayo huku akitoa miba kwenye samaki. Hakuna aliyembishia. Hicho ndicho kilichoniuma.

Anachotaka si kikubwa. Anataka ngazi za mlango wa duka ziwekewe njia ya mteremko. Jirani yetu Bi Tarfa yuko kwenye kiti cha magurudumu, na huingizwa dukani kwa mlango wa mizigo, pamoja na viazi. Mwaka wa tatu huu bodi inasema italifikiria.

Najua kwa nini Shangazi huanguka. Daftari la nne, ukurasa wa kumi na mbili. Majina matatu yalikubaliwa diwaniyani kabla kahawa haijapoa, wiki nzima kabla ya kura. Mtu mmoja akauliza, na Mudhi je? Akajibiwa kuwa Mudhi ni mtu mzuri sana, ila wapiga kura watakaa naye wapi? Wakacheka. Wakaomba tende.

Basi, mpango: diwaniya ya wanawake. Humu humu kwa babu. Nimeshachora ramani ya nani akae wapi. Nimechoka na hata hatujaanza.

Jumatatu, 4 Novemba

Babu amekubali! Jumatano ni yetu. Shangazi ndiye aliyeomba. Mimi nilisimama nyuma yake nikiwa nimeshika ramani. Babu kasema chumba ni chumba, mradi tusiguse redio yake.

Ami Mishari hakufurahi. Jioni nilimsikia kutoka stoo. Alisema wanawake wana harusi, wana saluni, wana chai zao za asubuhi, diwaniya wanaitakia nini tena? Babu akamwambia anywe kahawa. Ami akanywa, kisha akaongeza kwamba ile njia ya mteremko haitajengwa hata dunia ipinduke, kwa sababu itakula sehemu anayoegesha gari lake. Kwa hiyo ndicho kisa! Miaka mitatu Bi Tarfa anapita na viazi kwa ajili ya gari la ami yangu. Nimeandika neno kwa neno na kupigia mstari mara mbili.

Jambo la kukera: Shauq, binti yake Ami Mishari. Nilikuwa nimeandika kadi sitini za mwaliko kwa mkono. Akachukua moja, akasoma, akacheka hadi akakaa chini. We Lulwa, kasema, nani alikwambia diwaniya inaalikwa kwa kadi? Unawasha taa ya mlangoni, unaacha mlango wazi, anayekuja kaja. Kasema kweli. Nimelisikia jambo hilo miaka sita. Kisha akapiga picha ile taa, akaandika Jumatano, akaisambaza kwa simu, na kabla ya Isha mtaa mzima umeshaiona.

Kadi zangu zipo chini ya kitanda. Zote sitini.

Jumatano, 6 Novemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Walikuja hamsini na mmoja. Hamsini na mmoja! Shangazi alivaa gauni la bluu alilostaafia ualimu. Nilimwona stoo akijisemea hotuba yake mbele ya masinia. Mstari wa kwanza aliurudia mara nne, yeye aliyefundisha miaka ishirini na minane.

Chumba kilinuka sigara za Jumatatu. Na mgeni akiingia diwaniyani huzunguka kuanzia kulia na kumsalimu kila mtu. Na wewe mwenyeji unasimama, unabusiwa, unaulizwa habari za shule, za mama, za ndoa. Mara hamsini na moja. Nisingeweza. Basi nikapata wazo. Nikawasha mkaa, nikaweka udi kwenye chetezo, nikaingia nacho nimekishika kwa mikono miwili. Mtu mwenye moto mkononi habusiwi. Nilikusudia kukiweka pembeni kiue ile harufu ya sigara, kisha nisimame hapo hapo ukutani nikiwa salama.

Bi Tarfa alikuwa karibu na mlango. Akanyoosha mkono, akachukua chetezo, akafukiza shela yake, akasema Mungu awape heri wenye nyumba. Akampa wa pili yake.

Mtoto wa miaka mitatu katika mtaa huu anajua maana ya udi. Udi ukipita, mgeni anaaga. Baada ya udi hakuna kukaa! Nilijua. Ningesema tu: bado jamani, huu ni wa harufu. Maneno sita. Nikasimama nikitazama chetezo kikizunguka chumba kizima, kwapa kwa kwapa, shungi kwa shungi. Sambusa zilikuwa hazijatoka jikoni. Shangazi alikuwa ndiyo kwanza ameinuka na karatasi yake. Akakuta na wote wameinuka. Akadhani wanamsimamia kwa heshima. Akatabasamu.

Halafu wakaanza kumbusu na kumuaga.

Dakika kumi na nne tangu wa kwanza alipoingia. Nilimsikia mmoja akisema mlangoni kuwa hajawahi kufukuzwa kwa adabu namna hii.

Sambusa tumekula sisi. Zilikuwa mia moja na ishirini.

Alhamisi, 7 Novemba

Shangazi hakunifokea. Angenifokea ningejisikia nafuu. Alikuwa amekaa diwaniyani peke yake akikunja hotuba, anaikunjua, anaikunja. Alisema: "Labda ni kweli, mwanangu. Labda hatuna mahali."

Nikashindwa kuvumilia. Nikaenda kuleta madaftari yote sita na kumwekea mapajani. Nikamwambia habari za stoo, kidirisha, Jumatatu zote.

Alisoma saa nzima. Mara alikunja uso, mara alicheka kwa pua. Alipofika kwenye gari la Ami Mishari alifunga daftari na kuniangalia sana. Akaniuliza kama najua kuwa kusikiliza watu ukutani ni tabia mbaya. Nikasema najua. Akauliza kama maandishi ni ya kweli neno kwa neno. Nikasema ndiyo. Akasema basi kesho baada ya Alasiri taa itawashwa tena, nami nitakaa kando yake nisome ukurasa huo kwa sauti. Kwa sababu ni wangu.

Sijala chakula cha usiku.

Ijumaa, 8 Novemba

Wamekuja arobaini na wanne. Chetezo kilifungiwa kabatini na ufunguo akashika mama.

Shangazi alizungumza vizuri. Alieleza mteremko, urefu wake, saruji yake. Kisha akasema mpwa wangu ana kitu cha kuwasomea. Nikasimama. Nikafungua daftari. Nikafungua kinywa. Kikatoka kitu kama mlio wa mlango.

Bi Tarfa akaniambia, sema mama, humu hamna anayeng'ata. Sikuweza. Nikaona Shauq amekaa kule akitafuna, hana wasiwasi wowote duniani. Nikampa daftari.

Nilidhani atakataa, maana ni baba yake. Alisoma mstari wa kwanza kimya, akaguna, kisha akasimama na kusoma kwa sauti ya baba yake hasa, na kidole kile kile cha shahada hewani. Chumba kizima kikaangua kicheko. Mmoja alimwaga chai. Bi Tarfa hakucheka. Alimaliza kusikiliza, akauliza taratibu lile gari ni la rangi gani. Akaambiwa jeupe. Akasema analijua, huliona kila wiki akiwa amekaa kati ya viazi na vitunguu.

Kisha kila mtu akazungumza kwa pamoja.

Wakati wa kuaga walimbusu Shauq. Wakamwambia ana kipaji, agombee yeye akikua. Maandishi ni yangu! Miaka sita ya kukaa kwenye gunia!

Jumamosi, 9 Novemba

Kura zimehesabiwa. Nafasi tatu. Shangazi amekuwa wa nne. Amepitwa kwa kura saba.

Alisema saba si nyingi, safari iliyopita zilikuwa themanini. Akavua viatu, akalala kwenye kochi bila kubadilisha nguo.

Hamsini na mmoja Jumatano. Arobaini na wanne Ijumaa. Nimetoa mara nne kwenye karatasi. Jibu ni lile lile. Hili nalo sitamwambia mtu.

Jumatano, 13 Novemba

Hakuna aliyewasha taa, lakini wamekuja. Bi Tarfa alifika wa kwanza. Shangazi akamwambia uchaguzi umekwisha, Bi Tarfa akajibu kuwa yeye hakuja kwa uchaguzi, amekuja kwa Jumatano. Wakaja wengine. Tukawasha taa. Ami Mishari hasemi nasi, ila tangu Jumapili gari lake jeupe linaegeshwa ng'ambo ya barabara. Juzi Jumatatu wanaume walinong'ona tu. Sikusikia kitu.

Wanawake wanapanga mwaka ujao. Wanataka Shangazi agombee mara ya nne. Amewaambia wanywe chai kwanza. Aliniambia mapema nikae kando yake leo, ajenda ya kwanza ni mimi, nijaribu sentensi moja tu. Nikasema ndiyo, Shangazi, nafuata birika.

Nikaingia stoo. Kutoka kidirishani nikamsikia Shauq akiwasimulia jinsi wazo la diwaniya lilivyomjia. Lilivyomjia yeye! Alikuwa akioga, anasema. Shangazi akamkatiza, akasema ngojeni, mwenye wazo yuko jikoni. Akaniita. Lulwa! Njoo mwanangu, wanakusubiri.

Ufunguo wa kabati ulikuwa umening'inia msumarini.

Nikatoa chetezo. Nikawasha mkaa, nikaupuliza hadi ukawa mwekundu. Nikaweka kipande kikubwa cha udi. Nikaingia nacho nimekishika kwa mikono miwili, nikampa Shauq.