Pengo la Baba na Chenga za Leza

Jumatatu, 9 Juni

Nimeipata! Projekta ya leza. Fundi mwenzangu kanipa kwa redio mbili, moja nzima na moja inayokaribia kuwa nzima. Jumapili Mama anaiaga nyumba hii. Imeuzwa, anahamia kwa Dada. Ombi lake ni moja tu: aione ile filamu ya Baba, dakika mbili, palepale sebuleni, kwenye shuka lilelile.

Baba alikuwa mwonyesha filamu kwenye jumba la sinema. Kila Jumapili alikuja na projekta ya kazini, akatundika shuka, nasi tukakaa sakafuni tukisukumana. Jumba lilipofungwa wakamwachia ile projekta. Harufu ya taa yake ikipata moto naisikia hadi leo. Taa yenyewe niliiunguza mwaka juzi nikijaribu kuiongezea nguvu. Dada hajasahau. Bahati nzuri filamu ilikwisha nakiliwa kidijitali.

Jumanne, 10 Juni

Majaribio. Aibu tupu! Rangi zinawaka, lakini uso wa Baba umejaa chenga zinazometameta, kama mtu aliyemwagiwa sukari. Mama akakaza macho, akauliza huyo ni nani na amepatwa na nini. Anachotaka kuona ni lile pengo la meno ya mbele. Anasema ndilo lililomfanya aikubali posa. Halionekani ng'o.

Nikafuta lenzi. Chenga. Nikapiga shuka pasi. Chenga. Nikafuta miwani ya Mama. Nikafokewa.

Dada kwenye simu akasema nimwite Mtaalamu. Nani, yule? Tulisoma darasa moja, sasa anafundisha fizikia, shati limenyooka hata akienda dukani. Baba alimwachia yeye kuzungusha filamu, si mimi mwanawe wa kumzaa. Miaka thelathini, bado inaniuma.

Jumatano, 11 Juni

Nikapita shuleni kwake, kama kwa bahati tu. Nikamwambia kuna rafiki yangu ana shida na leza. Akauliza kama ni rafiki yule aliyeunguza taa ya mzee wake. Mtu ana mdomo huyu!

Akaeleza. Mwanga wa leza una nidhamu kupita kiasi, mawimbi yanakwenda mguu mmoja kama gwaride. Yakigonga kitu chenye vinundu, hata shuka, yanarudi yakigongana: hapa yanaongezana nguvu, pale yanauana. Ndizo chenga. Dawa ni kuyavuruga, au kutikisa kile yanachogonga, upesi kuliko jicho linavyoweza kufuata, chenga zichanganyike, picha ilainike. Njia mojawapo ni kioo chenye fuwele kimiminika ndani yake, vitu vinavyotiririka kama mafuta ila vimejipanga. Ukivipitishia umeme unaostahili, vinachafuka na kuchemka, mwanga unavurugika. Hata mashine za kupigia picha kwa leza zinanufaika.

Akasisitiza kwamba bila umeme ni kioo tu. Alisema mara tatu. Ualimu umemharibu, anarudiarudia mambo.

Alhamisi, 12 Juni

Akili ni mali! Kuna ofisi wana ukuta wa kioo mwangavu unaogeuka mweupe kwa kubonyeza swichi. Fuwele hizohizo! Nikamwendea aliyeufunga, nikamwambia Mama anakusanya vioo. Akanihurumia, akanipa kipande cha majaribio chenye nyaya zake. Kina ufa pembeni. Mwanzo mzuri.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekifunga mdomoni mwa projekta kwa mpira wa soksi. Nikachomeka. Paa! Nyumba nzima giza. Mama akasema tangu nizaliwe hajapata kukosa mishumaa ndani. Nimebadilisha waya. Jioni kikawaka, lakini picha ikawa ukungu mtupu. Nimekigeuza upande. Nina hakika shida ilikuwa upande.

Jumamosi, 14 Juni

Kufungasha. Nyuma ya kabati nimeokota tochi ya Baba, ile aliyokuwa akiwaonyeshea watu viti. Lile shuka nalo nikalikagua: kiraka kipo pembeni, nilipolichoma nikiwa na miaka saba. Baba hakunipiga. Alisema kila sinema lazima iwe na mlango wa dharura. Nikalia, sisemi uongo. Nikasema nimeingiwa na vumbi.

Jumapili, 15 Juni

Alasiri. Mapazia tumefunga, joto la tanuri. Dada kaja, na kamleta Mtaalamu! Shati limenyooka. Nikawasha.

Jamani! Uso laini kama maziwa. Baba ameshika pampu ya baiskeli, anageuka, anacheka, na lile pengo, waziwazi! Mama akainuka, akasogea hadi karibu na shuka. Akamwambia Baba kwamba tunahama, asije akatutafuta hapa. Akamtajia mtaa wa Dada, na rangi ya geti. Hakuna aliyecheka. Tukarudia mara nne.

Mtaalamu akatazama shuka, akatazama feni ya Dada iliyokuwa ikilipuliza kwa nyuma, akafuata waya wake kwa macho hadi ukutani. Akafungua mdomo. Kisha akamwona Mama anavyofuta machozi, akaufunga. Wivu! Nilimpa mkono kwa heshima hata hivyo.

Wakati wa kukunja nyaya nimegundua jambo kubwa. Plagi ya kioo changu ilikuwa sakafuni. Dada aliichomoa ili achomeke feni, kabla hata hatujaanza! Maana yake kioo changu kinaondoa chenga bila umeme wowote. Mtaalamu mzima hajui hilo! Kesho nawaandikia chuo kikuu, kisha naenda kuwaomba wale wa ofisini ukuta uliobaki.

Dada nimemwonya. Siku nyingine asithubutu kuwasha feni karibu na kazi yangu. Shuka lilikuwa likitikisika muda wote, kidogo tu aniharibie.