Sakafu ya Moto kwa Dada Anastazia

Jumatatu, 22 Februari 1999

Guangzhou, China. Baridi ile ile ya kuingia kwenye mifupa. Nyumbani kwangu hakuna cha kutoa joto ila hita ya gesi ya maji ya kuoga. Dada Anastazia anatua Jumamosi kuja kununua nguo soko la Shahe. Mwaka jana alilala kwangu siku chache, miguu ikamuuma kwa baridi, akahamia ghorofa ya chini kwa Zubeir, Mzanzibari mwenye blanketi la umeme. Dada yangu wa tumbo moja! Aliyenilea! Mama alipiga simu kutoka Moshi kuuliza nimemfanya nini binti yake hata akalale kwa watu baki. Niliumia. Bado naumia.

Mwaka huu hahami. Mkorea mmoja wa hapa mtaa wa Huanshi Zhonglu ameniambia kwao maji ya moto au moshi hupitishwa chini ya sakafu, na watu hulala juu yake tangu enzi za mababu. Mababu wa Kikorea wameweza, mimi Didas nishindwe?

Jumanne, 23 Februari

Mafundi wote wamekwenda vijijini kwao kula mwaka mpya wa Kichina. Kila nilikobisha najibiwa mei you. Hakuna. Vema. Nafanya mwenyewe.

Nimelaza bomba la plastiki sebule nzima, kwenda na kurudi. Nikaliunga kwenye hita. Nikamwaga saruji juu. Zubeir alipanda kuuliza kelele za nini. Akanishauri nisifanye haraka, eti mwezi wa tatu hewa hugeuka na nyumba za hapa zina mambo yake. Wivu mtupu. Ameona mgeni anamponyoka.

Jumamosi, 27 Februari

Imekubali! Sakafu ina moto!

Kasoro ndogo ndogo. Sakafu imepanda, mlango ukagoma kufunguka, nimeukata kwa chini. Na maji ya kuoga sasa ni barafu, kwa kuwa moto wote unakwenda sebuleni. Tutaoga kwa ujasiri.

Nilimpokea dada uwanja wa ndege wa Baiyun. Tulipofika akavua viatu mlangoni, kama kawaida ya kwetu sote hapa, akakanyaga ndani, akasimama. Kisha akakaa chini, akanyoosha miguu, akafumba macho.

"Didas, mdogo wangu," akasema, "hii umeifanya kwa mikono yako?"

Nilijifanya natafuta vikombe. Machozi yalikuwa karibu.

Jumanne, 2 Machi

Hewa imegeuka ghafla. Joto, ukungu, nguo hazikauki. Nimezima hita, gesi ipumzike. Nimepishana na Zubeir kwenye ngazi. Nilimsalimia kwa upole wa mshindi.

Jumatano, 3 Machi

Msiba.

Nimeamka sakafu imelowa chepechepe. Dada aliteleza na birika, akakaa chini kwa kishindo. Hakuumia, namshukuru Mungu. Nikajua mara moja: bomba limepasuka. Dada akasema mbona ukuta nao umelowa, na vioo vya madirisha, tumuulize kwanza Zubeir. Nimuulize Zubeir!

Nikachukua patasi na nyundo. Nikapasua. Sikuona tundu. Nikapasua mbele zaidi, hadi dirishani. Bomba zima, limelala vizuri vile vile nilivyolilaza. Pigo la mwisho ndilo lililolitoboa. Maji yakaruka mpaka kwenye taa.

Zubeir alipanda, suruali ameikunja, dekio mkononi, kwa sababu dari lake lilikuwa linavuja. Akatazama mashimo kwa muda. Akaeleza taratibu kwamba sakafu yake nayo imelowa, na ya jirani, na ya mtaa mzima. Kila mwaka majira haya upepo wa joto hukuta nyumba bado baridi, zikatoka jasho. Yeye hutandika magazeti tu.

"Ungeliwasha hita yako, ndugu yangu," akasema, "sakafu kavu hapa mtaani ingekuwa yako peke yake."

Hilo angeweza kulinyamazia. Nimefanya kitu kimoja cha maana maishani mwangu, na nimekivunja kwa nyundo yangu mwenyewe. Dada alinishika bega. Sikuweza kumtazama.

Ijumaa, 5 Machi

Tumehamia kwa Zubeir. Wote wawili. Dada alitangulia kubeba godoro langu kabla ya mizigo yake. Ameniahidi atamwambia mama kwamba alikuta sakafu ina moto, basi, hataongeza neno. Zubeir amempa dada chumba na blanketi la umeme, mimi nimelala sebuleni. Hajanicheka hata mara moja. Mtu mwema. Nilimdhulumu moyoni.

Wema kama huu haulipwi kwa asante tupu. Nimefikiri sana. Bomba halikuwa na kosa. Mimi pia sikuwa na kosa. Kosa ni la ile nyumba. Sebule ya Zubeir ni ndogo, imenyooka, na hita iko karibu. Jumatatu anakwenda Hong Kong kushughulikia viza yake, na dada atakuwa Shahe kutwa. Hawajui lolote. Nataka wafurahi pamoja.

Ufunguo ameniachia mimi. Patasi ninayo.