Mawimbi Yasiyotambulika

Kwa furaha kubwa, na kwa mujibu wa Waraka Namba Nne, Kurugenzi ya Majukwaa ya Baharini ilitangaza kuwa imepunguza mawimbi ya bahari kutoka milioni tano kwa mwaka hadi kumi na moja. Mkurugenzi aliusoma waraka huo mwenyewe mbele ya wafanyakazi wote, akatua penye neno "mafanikio" ili apigiwe makofi. Akapigiwa. Naibu wake ndiye aliyepiga kwa muda mrefu kuliko wote, macho kayakaza kwenye kile kiti cha kuzunguka cha bosi wake.

Njia iliyotumika ilikuwa ya kitaalamu. Zamani kila wimbi lililopiga nguzo za jukwaa la gesi lilihesabiwa, hata lile la kufika magotini, jambo lililowatesa makarani bure. Sasa wimbi lisilofika mita tatu halikuwa tena wimbi. Lilikuwa "mtikisiko wa maji usio rasmi", na Kurugenzi haikuwa na mamlaka nalo. Kwa kuwa jukwaa lilijengwa listahimili mawimbi milioni mia moja, na kwa kuwa mwaka mzima ulikuwa na kumi na moja tu, karani wa takwimu alipiga hesabu akakuta lingedumu miaka milioni tisa. Mkurugenzi aliipenda sana hiyo milioni. Alikuwa anautolea macho ukatibu mkuu, na hapo aliona mambo yameiva.

Aliyekuja kumtibulia alikuwa mdogo wa mkewe, mkaguzi wa jukwaani, mwanamke mfupi mwenye kinywa kisichojua itifaki. Wiki mbili alikaa baharini, mbili nchi kavu. Aliingia ofisini na buti zake, akaketi bila kukaribishwa.

"Shemeji, nguzo ya kaskazini ina ufa."

"Hapa ofisini mimi ni Mkurugenzi."

"Haya. Mkurugenzi, nguzo ya kaskazini ina ufa. Pale pale ilipochomelewa. Safari iliyopita ulikuwa kama ukucha, sasa ni kiganja kizima."

"Kulikuwa na tufani?"

"Hakukuwa."

"Basi ufa umetoka wapi?"

"Kwenye hayo mawimbi madogo uliyoyafuta. Moja peke yake halina lolote. Lakini yanakuja kila baada ya sekunde sita, mwaka mzima, na kila moja linaikunja nguzo kidogo, kisha linaiachia." Alichukua kibanio cha karatasi mezani, akakinyoosha, akaanza kukikunja huku na huku. "Ona. Wala sitii nguvu." Kikakatika. "Tuko watu thelathini na tisa tunaolala juu ya nguzo ile. Naomba kibali tushuke, mafundi wapande wachomelee upya."

Mkurugenzi alivitazama vile vipande viwili kwa huzuni ya kweli. Kisha akamwita karani aandike taarifa ya uharibifu wa kibanio cha serikali. Kuhusu ufa, alieleza kwa upole kwamba kukubali kuwa upo ni kukubali kuna kilichousababisha, na kilichousababisha kilikwisha kufutwa kwa waraka. Kwenye majalada ungeitwa "mstari wa muda". Boti ya zamu ilikuwa inamsubiri shemeji yake, akanyanyuka akaenda zake.

Waziri naye aliupenda waraka. Aliupenda kupita kiasi. Jengo la Kurugenzi mjini lilikuwa linavuja na lifti yake ilikwama tangu uchaguzi uliopita, na huku kuna jengo la miaka milioni tisa limekaa tu baharini! Siku tatu hazikupita, agizo likatoka: makao makuu ya Kurugenzi yahamie jukwaani mara moja, Mkurugenzi akiwa mstari wa mbele, na mjini abaki Naibu kama kaimu. Naibu alijitolea kumfungia mizigo.

Asubuhi ya kwanza jukwaani, saa mbili, Mkurugenzi alikuwa anakunywa chai kikombe kilipoteleza taratibu hadi ukingoni mwa meza, kikarudi. Chini ya sakafu kitu kikalia, kri.

"Nini hicho?"

"Mtikisiko usio rasmi," alisema shemeji yake, huku akiendelea kutafuna mkate.

Kri. Kisha kri tena. Ilipofika saa nne Mkurugenzi alikuwa ameshahesabu mawimbi elfu moja na mia mbili, kayaandika yote nyuma ya ule waraka kwa vijistari vya tano tano. Akaomba aonyeshwe mstari wa muda. Walishuka ngazi ya chuma mpaka kwenye nguzo, na hapo akauona ufa ukifunguka wimbi lilipopita, ukajifunga, ukafunguka tena. Ulikuwa umefika viganja viwili.

"Shemeji," alisema, na ilikuwa saa za kazi, "tufanyeje?"

"Saini kibali. Wafanyakazi wa jukwaa washuke leo."

Alisaini hapo hapo, karatasi kaiweka juu ya paja, bila kamati na bila nakala tatu. Kisha akapiga redio mjini kutoa taarifa ya kibali hicho na ya mawimbi elfu moja na mia mbili.

Boti ilifika saa saba. Mkurugenzi alikuwa wa kwanza ngazini, begi begani, lakini nahodha alimzuia, akamsomea ujumbe ulioingia kutoka mjini. Kaimu Mkurugenzi alifafanua kwamba kibali kinahusu wafanyakazi wa jukwaa, si makao makuu. Makao makuu yamehamishwa na Waziri, hivyo hayawezi kushushwa na mtu mmoja mwenye begi. Kuhusu mawimbi anayodai kuyahesabu, takwimu rasmi za leo zinaonyesha sifuri, na Kurugenzi inamtakia kazi njema.

Wafanyakazi thelathini na wanane walipanda, mpishi na sufuria yake. Wa mwisho alikuwa shemeji. Alimwonea huruma, kwani huyo ni mume wa dada yake, akavua jaketi lake la kujiokolea akamvisha, na futi kamba yake akamwachia.

"Uwe unaupima ule ufa kila asubuhi."

"Na nikikuta umeongezeka?"

Alikuwa ameshatia mguu mmoja botini.

"Mwandikie Mkurugenzi."