Sentimita Tatu za Kijino

Jumatatu, 4 Agosti

Bustani mpya ya michezo ya watoto imefunguliwa wiki iliyopita, na shemeji yangu ameshaenda mara mbili. Ndivyo alivyo. Kaka wa mke wangu, mpima ardhi, mtu wa kuvaa koti la mifuko mingi hata akienda kununua mkate. Leo amekuja kutusimulia habari za treni iitwayo Joka, inayopanda kupita mapaa na kushuka kwa kishindo. Mwanawe Twiga, miaka minane, mwili wote miguu, amelipanda mara nne. Twiga huyo akamwambia binti yangu Kijino, miaka sita, kwamba yeye atabaki chini kushika mabegi, maana Joka halibebi mtu asiyefika sentimita mia na kumi.

Kijino hakulia. Aliniangalia tu, na lile jino lake moja la mbele limetulia juu ya mdomo wa chini. Nikajikuta nimesimama. Nikasema Jumamosi tunakwenda wote, na binti yangu atapanda Joka, tena kiti cha mbele. Nimeapa mbele ya shemeji. Hapo hakuna kurudi nyuma.

Wageni walipoondoka nikachukua tepu yangu ya kupimia. Miaka kumi na tisa iko shingoni mwangu. Imepima maharusi, imepima mahakimu, imepima timu nzima ya mpira pamoja na kocha. Haijawahi kunitia aibu. Nikamsimamisha Kijino mlangoni. Mia na saba.

Pungufu tatu. Siku tano mkononi. Fundi cherehani gani anashindwa na sentimita tatu?

Jumanne, 5 Agosti

Mpango wa kwanza: kumrefusha. Sketi ya pamba ukiitundika ikiwa mbichi inaongezeka vidole viwili, nimeona kwa macho yangu. Mtoto naye bado mbichi. Nikamning'iniza kwenye bomba la kutundikia nguo kiwandani kwangu (ni chumba cha mbele, lakini mimi naita kiwanda). Alfajiri, mchana, jioni. Alifurahi mno. Tukapima: mia na saba.

Jioni ile ile bomba likang'oka pamoja na suti nane za wateja. Mke wangu akauliza kama nina akili timamu. Nikamjibu wavumbuzi wote wameulizwa hivyo. Akasema kadi ya kliniki ya mwezi uliopita inaonyesha mtoto ana mia na kumi, basi tulale. Nikacheka mpaka nikakohoa. Kipimo cha kliniki kimechorwa ukutani na mpaka rangi. Mpaka rangi anajua nini?

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango wa pili, na huu ni wa kitaalamu. Sponji za mabega. Zile zinazomfanya mtu asiye na mabega aonekane ana mabega. Kama zinadanganya juu, kwa nini zisidanganye chini? Nimeshona tatu ndani ya kila buti la Kijino, mshono wa mara mbili. Tepu ikasoma mia na kumi na moja. Nimepiga mluzi mchana kutwa.

Tatizo ni mwendo. Anatembea kama mtu anayekwepa matope. Tumefanya mazoezi ukumbini, kwenda na kurudi, mpaka akaweza kugeuka bila kushika ukuta.

Nikamwomba mke wangu amfunge nywele juu, fundo refu, kwa usalama. Akakataa katakata. Akasema yeye hashiriki utapeli wa mtu mzima mwenye leseni ya biashara. Baadaye nikapita mlangoni nikamsikia chumbani akimwambia mtoto atulize kichwa, fundo linaegemea upande. Nikaondoka kwa kunyata. Mwanamke ana heshima zake.

Jumamosi, 9 Agosti

Jioni. Naandika miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto. Nitaandika yote kama yalivyotokea, hata yanayouma.

Tulifika mapema, sisi watatu, shemeji na Twiga wake. Bustani ni nzuri, nisiseme uongo. Njia zimefagiliwa, madawati yananuka rangi mpya. Foleni ya Joka ilizunguka chemchemi. Twiga akapimwa akapita. Akakaa ndani ya treni, akatupungia mkono kama mheshimiwa.

Zamu ya Kijino. Mhudumu, mama mmoja mwenye miwani na filimbi, akasema kwa upole: viatu vivuliwe.

Viatu vivuliwe. Hakuna aliyeniambia. Shemeji alikuwa anajua siku zote, mara mbili ameingia mle.

Buti zikavuliwa. Mshono wa mara mbili ukaachia. Sponji sita zikatoka moja moja, nyeupe pe, na ya mwisho ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha shemeji. Akaiokota. Akauliza kama hiki ndicho chakula cha mchana. Foleni nzima ikaangua kicheko. Kijino akasimama peku, ananiangalia mimi tu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama yule akamsogeza kwenye ubao wa kupimia. Akalaza kitabu juu ya kichwa, fundo la nywele likalala chini yake. Akasoma. Mia na kumi kamili. Apite.

Baba mwingine yeyote angenyamaza. Najua. Lakini mimi nilisikia mia na kumi, na kitu kikanipanda kifuani. Kama ubao ule unasema kweli, basi tepu yangu inasema nini? Miaka kumi na tisa. Mahakimu! Nikamwambia mama kwa adabu zote kwamba ubao wake una kasoro. Akasema umetoka kiwandani na muhuri wake. Nikachomoa tepu shingoni, nikampima mwanangu pale pale mbele za watu, kisigino mpaka utosi. Mia na saba. Nikawaonyesha wa mbele, nikawaonyesha wa nyuma. Sijawahi kupima vizuri vile.

Mama akavua miwani. Akasema kama mzazi mwenyewe anathibitisha mtoto hajafika, yeye hawezi kumruhusu, haya ni mambo ya uhai. Akamshika Kijino mkono akamtoa nje ya lango. Akafunga mnyororo.

Mke wangu akageuka akaanza kuokota sponji. Shemeji, lazima niwe mkweli, hakucheka. Alinivuta kando akanieleza taratibu kwamba tepu ya kitambaa ikivutwa kila siku inanyumbuka. Sijagundua kwa sababu mteja nampima kwa tepu ile ile ninayopimia kitambaa chake, kosa linajifuta lenyewe. Niseme tu tepu imechoka, mtoto apande. Nilikuwa na jibu kali mdomoni.

Ndipo nikamwona Kijino. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwenye dawati, peku, bila kuambiwa. Amelichukua begi la Twiga akaliweka mapajani, na langu kando yake. Alikuwa anashika mabegi.

Nikasema. Kwa sauti, mpaka watu wa chemchemini wakageuka. Tepu yangu imenyumbuka. Ubao wa mama ni sahihi. Binti yangu ana mia na kumi. Nilisema mara mbili, isije ikadaiwa sikusema.

Mnyororo ukafunguliwa. Kiti cha mbele kilikuwa wazi. Alipofika kileleni alinyoosha mikono yote miwili, na kutoka chini niliuona ule mdomo umefunguka wote, na jino lake moja. Twiga alikuwa amefumba macho. Nililia, naandika kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Nimeshikilia mabegi manne, namwambia kila aliyesimama kwenye uzio kwamba yule pale mbele ni wangu. Sijawahi kujivuna vile maishani, hata siku hakimu aliponyanyuka na joho nililoshona mimi.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi Kijino akauliza sasa yeye ana ngapi, mia na saba au mia na kumi. Swali la maana. Nikafunga mlango kwanza, mama yake alikuwa jikoni. Nikamweleza kwamba kule bustanini ana mia na kumi, na hapa nyumbani ana mia na saba. Jana baba alisema vile ili apande tu. Akafikiri kidogo, akaridhika. Akasema afadhali bustanini.

Mtoto mwelewa sana. Amerithi kwangu.

Jumanne, 12 Agosti

Shemeji amepita na zawadi. Tepu mpya ya chuma, ndani ya kiboksi, aina ile ile wanayotumia kazini kwao. Hakunisimanga. Alisema tu niitumie kwa afya njema. Nikamshukuru, nikamsindikiza mpaka njiani, na kwa kweli roho ilinilainika.

Nikarudi nikaitandaza mezani sambamba na yangu. Mia na kumi yake ikaishia kwenye mia na saba yangu. Kama nilivyohofia. Imetoka kiwanda kimoja na ule ubao.

Nimewaza sana kuhusu shemeji. Maskini, miaka yote hiyo anawagawia watu viwanja kwa vitu kama hivi, na hana mtu wa kumwambia. Nimechukua wino usiofutika na kalamu ya ncha nyembamba, nikaisahihisha tepu yake alama kwa alama, toka mwanzo mpaka mwisho. Saa tatu nzima. Wateja wawili nimewarudisha. Kisha nimeifunga vizuri nikampelekea ofisini kwake, na karatasi ya kumwambia sasa apime bila wasiwasi.

Sikumtoza hata senti. Ni shemeji yangu, na si kosa lake kwamba hajui kupima.