Simu ya Katibu Ilipolia Saa Tano

Saa kumi na mbili na robo asubuhi ya leo nilikuwa bado mtu mwenye heshima.

Nilikuwa stendi ya Handeni na Mama Zubeda, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima wa Kwedizinga. Mimi ni katibu. Tulikuwa tunakwenda Korogwe kusaini mauziano ya mahindi yote ya wanachama. Mwenye ghala analitaka ghala lake wiki hii. Mnunuzi akikosekana, magunia yanalala nje.

"Katibu, huyo bwana hajageuza maneno?"

"Angegeuza, mwenyekiti, simu ingelia."

Nilikuwa na sababu ya kusema hivyo. Simu yangu ina akaunti tatu za barua pepe: ya kikundi, ya shule ninayotunzia stoo, na ya zahanati. Ya kikundi ilikuwa inalia usiku hadi mke wangu akanuna. Jana jioni nikakaa nayo. Kila akaunti nikaipa mlio wake, nikajitumia barua za majaribio, zote zikalia. Kisha ya kikundi nikaiwekea saa za ukimya, 3:00 mpaka 11:00. Yaani saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. (Simu nimeiweka Kiswahili. Nikaona na saa itahesabu Kiswahili. Nyamazeni.)

Korogwe tukakuta ofisi ya mnunuzi imefungwa. Tukakaa kwenye benchi la duka la jirani. Akaunti ya shule ikalia. Ya zahanati ikalia. Kumbe mtandao upo. Ya kikundi, kimya. Sikuifungua. (Niifungue ya nini, na haijalia?)

Saa tano kasoro nikampigia mnunuzi. Nikaweka spika, mwenyekiti asikie ninavyosimamia kazi.

"Ndugu yangu, tuko mlangoni kwako tangu asubuhi. Muungwana huandika."

"Nimeandika tangu alfajiri, kaka. Mimi niko Kwedizinga na lori, mbele ya ghala lenu. Wanasema hawafungui bila mwenyekiti."

"Kwa nini hukupiga?"

"Si wewe uliyesema mambo ya kikundi yaandikwe, tusipigiane?"

"Basi haijaingia barua. Simu hii nimeirekebisha kwa mkono wangu."

Ikawa saa tano kamili.

Simu ikawika. Mlio wa kikundi niliuchagua jogoo, nisiukose. Ikawika tena, na tena. Mwenye duka akatoka kuangalia. Barua zikapangana kwenye kioo: "Msisafiri, nakuja mwenyewe." "Nimefika." "Mko wapi?" "Katibu?"

Nikaiangalia saa ya simu. 11:00. Akaunti ya kikundi ilikuwa imenyamaza tangu saa tisa usiku, kama nilivyoiagiza.

"Hao kuku ni wa nani?" mnunuzi akauliza.

Mama Zubeda akanyoosha mkono, nikampa simu.

"Mwanangu, usiondoke. Mpe simu mweka hazina, huyo mama aliyekaa mlangoni." Akasubiri kidogo. "Fungua ghala, mpimieni. Bei ni ileile."

"Na katibu, mwenyekiti?" mweka hazina akauliza.

"Ninaye hapa. Anasikiliza kuku wake."

Mahindi yamepimwa, yamelipiwa, yameondoka, na sahihi yangu haikuhitajika. Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, mwenyekiti amekataa itoke kwenye kikundi. Nimelipa mimi: shilingi elfu ishirini.